Udhoofu wa Mwili na Upandikizaji wa Figo: Neno, Kipimo na Mgonjwa wa Nchi ya Chai

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza dhana moja ya tiba ambayo bado haijapata makao imara katika Kiswahili, yaani hali ya mwili kupungukiwa na akiba ya nguvu, na jinsi hali hiyo inavyoathiri hatima ya mgonjwa anayepandikizwa kiungo, hususan figo. Msomaji ana haki ya kuuliza jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina uhusiano gani na figo. Sikuiendea mada hii kwa hiari yangu. Niliingizwa ndani yake na neno moja nililolitafsiri vibaya mbele ya shangazi yangu.

Shangazi ni mchumaji chai. Ana umri wa miaka 54, amezaliwa na kuolewa katika vilima vya mpakani mwa Kericho na Bomet, na tangu ujana wake amekuwa akichuma majani mawili na chipukizi, kwanza katika shamba kubwa la kampuni, baadaye katika michai yake mwenyewe ambayo majani yake hupelekwa katika kiwanda cha wakulima wadogo. Figo zake ziliharibiwa na shinikizo la damu lililokaa kimya mwilini kwa miaka mingi. Sasa unakaribia mwaka wa 2 akisafishwa damu kwa mashine. Mwanawe wa kiume amejitolea kumpa figo moja. Siku ya kliniki ya upandikizaji nilifuatana nao kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye ninayehesabiwa kuwa mwenye lugha. Shangazi husema Kipsigis nyumbani na Kiswahili sokoni. Daktari hakujua Kipsigis, na faili yote ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza.

Daktari alipomaliza vipimo vyake aliandika neno moja la Kiingereza, akalipigia mstari, kisha akanigeukia na kuniomba nimweleze mama hali yake. Nami, kwa haraka ya mtu anayetaka kuonekana anajua, nikasema: "Shangazi, daktari anasema wewe ni dhaifu."

Alinyamaza. Tulipokuwa kwenye matatu tukirejea nyumbani ndipo aliposema, bila kumtazama mwanawe, "Kama mimi ni dhaifu, figo ya mtoto isipotee bure. Abaki nayo." Kwa wiki 3 aliendelea kwenda kusafishwa damu lakini akakataa kabisa kurudi katika kliniki ile nyingine. Daktari hakuwa amesema kwamba figo itapotea bure, wala hakuwa amesema kwamba upasuaji haufai. Mimi ndiye niliyeyasema hayo, kwa neno moja.

Neno lenyewe

Tuanze basi na neno. Mwenye kusema Kiswahili akitaka kumtaja mtu asiye na nguvu ana hazina ya kutosha: dhaifu, mnyonge, mlegevu, goigoi, mkongwe, aliyechakaa. Kila moja, hata hivyo, linabeba mzigo wake. "Udhaifu" ni ukosefu wa nguvu, lakini pia ni kasoro. Tunasema hoja dhaifu, mwanafunzi dhaifu, udhaifu wa serikali. Katika matumizi hayo yote mtajwa anahukumiwa. "Unyonge" umekwisha kuchukuliwa na siasa. Mnyonge ni mtu anayeonewa, na dawa ya unyonge ni haki. "Ulegevu" na "ugoigoi" vinakaribia uvivu, na katika nchi ambako mtu hulipwa kwa kilo alizochuma, hilo ni tusi. "Ukongwe" unahusu umri, ilhali tutaona hivi punde kwamba hali tunayoizungumzia si sawa na uzee hata kidogo.

Lipo neno jingine ambalo ni ndugu wa damu wa "dhaifu" lakini limelelewa vingine, nalo ni kitenzi "dhoofu", pamoja na "dhoofika". Kitenzi kina faida ambayo kivumishi hakina, maana kinakubali njeo. Mtu amedhoofu, anazidi kudhoofu, alikuwa amedhoofu sasa anapata nguvu. Anayeambiwa "wewe ni dhaifu" amepewa sifa ya kudumu kama urefu au rangi ya macho. Anayeambiwa "mwili wako umedhoofu" amepewa habari ya jambo lililotokea, ambalo lina sababu na huenda likarekebishika. Kwa hiyo katika makala haya nitatumia "udhoofu wa mwili", au "udhoofu" tu, nami napendekeza istilahi hiyo kwa wenzangu. Wahadhiri wetu wa isimu watanisahihisha ikibidi.

Istilahi ya pili, "upandikizaji", haituletei tabu. Ilitoka shambani ikaenda hospitali, na wakulima wa Kericho waliijua kabla ya madaktari. Kipandikizi kwao ni kijiti chenye jani moja kinachokatwa kwenye mchai mama na kuoteshwa kitaluni. (Kwamba lugha hiyo hiyo humwita mtu mwenye mwili mkubwa na misuli iliyojaa "pandikizi la mtu" ni jambo lililonichekesha sana nilipokuwa nasoma habari za wagonjwa waliokonda.)

Udhoofu ni nini?

Madaktari wa wazee walikuwa wakiliona jambo hili kwa macho muda mrefu kabla ya kulipima. Wagonjwa wawili wenye umri mmoja na ugonjwa mmoja huingia katika chumba cha upasuaji. Mmoja hutoka akaenda nyumbani baada ya siku chache, mwingine hupata homa ya mapafu, akaanguka, akapoteza kumbukumbu, asirudi tena alivyokuwa. Tofauti yao haionekani katika picha za eksirei wala katika matokeo ya damu. Ni akiba. Mwili wa kwanza una ziada ya kutumia siku ya shida. Wa pili unatumia kila ulicho nacho kwa kuishi tu, hivyo mshtuko mdogo huuangusha.

Mwaka 2001 daktari wa Kimarekani Linda Fried na wenzake waliipa dhana hiyo umbo linalopimika. Walitumia kumbukumbu za wazee 5,317 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wakapendekeza dalili 5: kupungua uzito bila kukusudia, kiasi cha kilo 4 na nusu au zaidi kwa mwaka, uchovu ambao mtu mwenyewe anausema, mshiko dhaifu wa mkono, unaopimwa kwa kubana kifaa kidogo chenye mizani, mwendo wa polepole katika umbali mfupi wa mita 4 na nusu hivi, na upungufu wa shughuli za mwili katika wiki. Mwenye dalili 3 au zaidi amedhoofu. Mwenye 1 au 2 yuko njiani. Asiye na hata moja ana akiba yake.

Kipimo hiki hakihitaji maabara. Saa, mizani, kipima mshiko, kipande cha sakafu na maswali machache vinatosha, nacho kinaweza kufanyika katika zahanati ya Konoin sawa na huko Baltimore. Ugumu wake, kama tutakavyoona, umo ndani ya maswali.

Kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya wazee kilihamia kwa wagonjwa wa figo, na huko kikafichua jambo lisilotarajiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, walipowapima wagonjwa 146 waliokuwa wakisafishwa damu, na kuchapisha matokeo mwaka 2013, walikuta kwamba hata miongoni mwa walio chini ya miaka 65 zaidi ya thuluthi moja walikuwa wamedhoofu. Figo zinaposhindwa, damu hupungua kwa kuwa figo ndizo zinazotoa kichocheo cha kutengeneza chembe nyekundu. Asidi hujikusanya mwilini na kuivunja misuli. Hamu ya chakula hutoweka. Na mashine yenyewe, pamoja na kuokoa maisha, huondoa sehemu ya viini vya protini katika kila kipindi. Ongeza saa 4 za kulala kitandani na siku nzima ya kupumzika baada yake. Mtu wa miaka 40 anaweza kuwa na mwili wa bibi yake.

Yale yanayofuata upasuaji

Swali kuu kwa mgonjwa na kwa mtoaji wake ni hili: udhoofu unabadilisha nini baada ya figo kupandikizwa? Majibu mengi tuliyo nayo yanatoka katika kundi hilo hilo la Baltimore, na inafaa yasomwe kwa makini kwani yana pande mbili.

Utafiti wa mwaka 2012 uliwafuata watu 183 waliopandikizwa figo. Robo yao walikuwa wamedhoofu walipolazwa. Kati ya waliodhoofu, asilimia 30 walipata figo iliyochelewa kuanza kazi, ikabidi warudi kwenye mashine katika siku za mwanzo. Kati ya wengine ilikuwa asilimia 15. Utafiti wa 2013 ulionyesha kwamba asilimia 45.8 ya waliodhoofu walirudishwa hospitalini ndani ya siku 30 tangu kuruhusiwa, dhidi ya asilimia 28 ya wengine. Nao wa 2015, uliohusu watu 537, uliangalia uhai: baada ya miaka 5, wasio na udhoofu waliokuwa hai ni asilimia 91.5, walio njiani asilimia 86, na waliodhoofu asilimia 77.5.

Tusome tarakimu hizo za mwisho tena. Msomaji wa haraka ataona pengo na kusema waliodhoofu wasipandikizwe. Lakini zaidi ya watu 3 katika kila 4 waliodhoofu walikuwa hai baada ya miaka 5, wakiwa nje ya mashine au angalau wamepewa nafasi hiyo. Linganisha na wagonjwa 146 tuliowataja, waliobaki kwenye mashine: miongoni mwa waliodhoofu, takriban 4 katika kila 10 walikuwa wamefariki ndani ya miaka 3. Makundi haya hayafanani moja kwa moja, kwa kuwa anayechaguliwa kupandikizwa tayari ana nafuu fulani, na mwanatakwimu atanikemea nikiyaweka kwenye mizani moja. Hata hivyo yanatosha kutuzuia kusema kwamba udhoofu ni mlango uliofungwa. Watafiti wale wale walionyesha pia kwamba mwezi wa kwanza baada ya upasuaji udhoofu huongezeka, lakini kufikia mwezi wa 3 wengi huwa wamepata nafuu kuliko walivyokuwa kabla. Yaani figo mpya yenyewe ni sehemu ya dawa ya udhoofu.

Ni vivyo hivyo kwa viungo vingine, kwa kiasi chake. Mgonjwa wa ini au wa moyo hudhoofu kwa sababu kiungo hicho kimeshindwa, hivyo sehemu ya udhoofu wake huondoka pamoja na kiungo kibovu. Kwa upande wa ini, Jennifer Lai na wenzake wa San Francisco walitoa mwaka 2017 kipimo chepesi cha mambo 3: mshiko wa mkono, kuinuka kitini mara 5, na kusimama bila kuyumba.

Dawa zinazofuata upandikizaji nazo zina sehemu yake. Mgonjwa humeza maishani mwake mwote dawa za kupunguza kinga ili mwili usiikatae figo ya mgeni, na mojawapo, prednisoloni, hula misuli na mifupa. Aliyeingia na misuli michache hana cha kutoa. Hii ndiyo sababu mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 kuhusu wanaotarajia kupandikizwa figo ulipendekeza udhoofu upimwe wakati wa tathmini na katika kipindi cha kungoja, ili hatari ijulikane na mgonjwa aimarishwe kabla ya upasuaji. Neno la Kiingereza ambalo daktari wa shangazi alilipigia mstari lilikuwa maagizo ya kazi, mimi nikalisoma kama hukumu.

Kungoja kwa Kenya

Katika Marekani na Ulaya wagonjwa wengi hungoja figo ya mtu aliyefariki. Simu hulia usiku, nao huenda hospitali walivyo siku hiyo. Kwetu ni vingine. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inazungumzia viungo vya walio hai na vya waliofariki, inadai ridhaa iliyoandikwa na kuharamisha biashara. Lakini kwa vitendo figo hutoka kwa jamaa aliye hai. Ndivyo ilivyo katika Hospitali Kuu ya Kenyatta na katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, ambako wagonjwa wengi wa nchi ya chai huelekezwa. Majirani wetu walianza kwa njia hiyo hiyo: Muhimbili mwaka 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, na Mulago, Kampala, Desemba 2023 baada ya Uganda kupitisha sheria yake.

Figo ya jamaa ina hasara zake. Huleta mizozo ya ukoo, hofu, na mahali pengine fedha za gizani. Mwezi wa Aprili 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za upandikizaji katika hospitali moja ya binafsi mjini Eldoret kutokana na tuhuma za biashara ya figo. Lakini kwa mada yetu ina faida moja ambayo sijaona ikisisitizwa vya kutosha. Siku ya upasuaji huchaguliwa. Mtoaji yupo na anaweza kungoja mwezi mmoja au 3. Kwa hiyo sisi, tulio na mashine chache na fedha chache, tuna kitu ambacho mgonjwa wa Chicago anayengoja simu hana, yaani muda unaojulikana wa kujiandaa. Kutopima udhoofu katika mazingira kama hayo ni kutupa muda huo.

Kwa upande mwingine, kungoja kusikokuwa na matayarisho humdhoofisha mgonjwa. Mashine za kusafisha damu zilisambazwa katika hospitali za kaunti kupitia mpango wa vifaa ulioanza mwaka 2015, na hapana shaka ziliokoa wengi ambao hapo awali wangelazimika kwenda Nairobi au Eldoret. Ila bima ya taifa ya NHIF, kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii mwezi wa Oktoba 2024, ililipia vipindi 2 kwa wiki, ilhali kipimo cha kawaida duniani ni vipindi 3. Mgonjwa huyo hubeba sumu na maji siku zaidi ya mwenzake wa nchi tajiri. Kila mwezi wa kutafuta fedha, barua na vipimo vya watoaji ni mwezi wa misuli kuyeyuka.

"Umechoka?"

Hapa ndipo lugha inaporudi. Dalili 2 kati ya zile 5 hazipimwi kwa kifaa. Uchovu na shughuli za mwili huulizwa, na jibu hutegemea swali lilivyoundwa.

Katika asili yake, swali la uchovu linauliza ni siku ngapi katika wiki mtu alihisi kwamba kila alifanyalo linamgharimu juhudi, na siku ngapi alishindwa kujianzisha. Muuguzi mwenye foleni ndefu hulifupisha: "Mama, umechoka?" Mtu wa mijini anaweza kujibu swali hilo. Mchumaji chai hawezi, au tuseme, atajibu swali lingine. Katika mashamba ya Kericho uchovu ni hali ya kila jioni; si habari. Isitoshe, kusema "nimechoka" mbele ya mtu mwenye daftari kuna gharama. Kazi inayopimwa kwa kilo haina huruma na mwenye kulalamika, na tangu mashine za kuchumia chai ziingie mashambani, hata kufikia kuchomwa moto na waandamanaji mwezi wa Mei 2023, mchumaji wa mkono anajua kwamba nafasi yake inatamaniwa na chuma kisichochoka. Shangazi aliulizwa kama amechoka. Akajibu, "Hapana." Nilikuwapo. Asubuhi hiyo alikuwa amepumzika mara 3 kati ya mlango wa nyumba na barabara ya lami.

Swali ambalo lingempata lipo, na lilikuwa karibu: "Siku hizi unachuma kilo ngapi, na mwaka juzi ulikuwa ukichuma ngapi?" Mchumaji anazikumbuka kilo zake kama mwalimu anavyokumbuka majina. Katika daftari la kituo cha kupimia majani kudhoofu kwa shangazi kumeandikwa mwezi baada ya mwezi, kwa wino, miaka mingi kabla ya daktari yeyote kulitaja. Sisemi kilo za chai ziwe kipimo cha tiba; mvua, kupogolewa kwa michai na mbolea vyote huzibadilisha. Nasema kwamba mahojiano ya mgonjwa yaanze mahali ambapo mgonjwa ana ushahidi.

Hata vifaa vina udanganyifu wake kwa mtu wa huku. Mizani ya kliniki ilionyesha kwamba shangazi hajapungua hata kilo moja, kwa sababu maji yaliyojaa mwilini yalikuwa yamechukua nafasi ya nyama iliyoondoka. Ndiyo maana wauguzi wa figo huzungumzia uzito mkavu, yaani uzito baada ya maji ya ziada kutolewa. Nao mshiko wake ulimshangaza daktari. Vidole vilivyovunja chipukizi kwa miaka 30 na zaidi havilegei upesi. Miguu ndiyo iliyosema kweli. Katika zile mita chache za ukumbini alitembea kama anayevuka mto wenye mawe. Viwango vya mshiko vilivyotolewa kwa Wamarekani wazee vinahitaji kupimwa upya kwa watu wanaofanya kazi ya mikono, na hiyo ni kazi ya wenzetu wa Kitivo cha Tiba. Lakini kuandika maswali yale mawili kwa Kiswahili kinachojibika, kuyajaribu Litein na Longisa, na kuyalinganisha na namna yanavyosemwa katika Kipsigis, ni kazi ambayo hakuna kitivo kingine kitakachotufanyia. Tumezoea kuunda istilahi na kuziacha ndani ya kamusi. Hojaji ni utanzu wa matini kama mingine, na makosa yake huishia mwilini mwa mtu.

Kuzoeza jua

Baada ya wiki zile 3, muuguzi mmoja wa kitengo cha figo alimpigia shangazi simu. Mama huyu ana michai yake kwao, na sijui kama alikusudia mfano au ulimtoka tu. Alimuuliza, "Mama, kipandikizi ukikitoa chini ya plastiki leo, unakipeleka shambani leo?" Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza. Kila mkulima wa huku anajua kwamba mche ulioota chini ya kivuli na unyevu hauhamishiwi shambani ghafla. Plastiki hufunguliwa kidogo kidogo, maji hupunguzwa, miche huzoezwa jua kwa wiki kadhaa. Usipofanya hivyo, mche mzima wenye mizizi mizuri hukauka, na kosa si la udongo.

Matayarisho ya mgonjwa yanafanana na hayo, nayo yamejaribiwa. Mwaka 2019 watafiti wa Johns Hopkins walichapisha matokeo ya jaribio dogo la wagonjwa 24 waliokuwa wakingoja figo, ambao walihudhuria mazoezi ya viungo mara moja kwa wiki pamoja na mazoezi ya nyumbani. Baada ya miezi 2 harakati zao za kila siku zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 64. Watu 24 ni wachache mno kuthibitisha kwamba mazoezi hupunguza vifo, nami sitadai hivyo. Yanaonyesha tu kwamba mwili uliodhoofu kwa ugonjwa wa figo bado husikia ukiamshwa.

Chakula ni mlango wa pili, na humo mkanganyiko ni mkubwa. Kabla ya kuanza mashine mgonjwa huambiwa apunguze nyama na mayai ili kuzipunguzia figo kazi. Akishaanza mashine mambo hugeuka: protini inahitajika zaidi kwa kuwa nyingine hupotea. Wengi hushika agizo la kwanza hadi mwisho, wakafa njaa ya misuli wakidhani wanatii. Shangazi alikuwa mmoja wao. Sasa hula yai na samaki. Mboga zake huchemshwa na maji ya kwanza kumwagwa ili kupunguza potasiamu. Na mursik, ambayo nyumba ya Mkipsigis haikosi, amewekewa kipimo kidogo kwa sababu maziwa yana fosforasi nyingi. Hilo ndilo agizo pekee ambalo bado analipinga.

Aliporudi kliniki nilikwenda naye tena. Safari hii niliomba dakika moja kabla ya kutafsiri. Nilimwambia, "Shangazi, mwili umedhoofu kwa ajili ya ugonjwa na kulala sana. Daktari anataka upate nguvu kwanza, ndipo wapange siku." Akauliza swali ambalo daktari hakuwa na jibu lake la haraka: "Nikifika wapi nitakuwa nimetosha?" Hakuna tarakimu moja inayokubalika kuwa ndiyo mpaka kati ya aliye tayari na asiye tayari. Walishauriana kidogo, kisha wakapanga kitu kinachopimika kwao: ainuke kitini mara 5 bila kushika meza, na atembee kutoka nyumbani hadi kituo cha kupimia majani, kwenda na kurudi, bila kukaa njiani. Kwa miguu ya mtu mzima ni dakika 20 hivi, na kuna kilima.

Kiti alikimudu katika wiki ya 4. Kituoni amefika mara 2, kwa kupumzika mara moja njiani, chini ya mgravilea uliopo kwenye kona. Mwanawe humfuata nyuma kwa umbali, kwa kuwa hataki kushikwa mkono. Siku ya upasuaji bado haijapangwa.